Ufungaji wa stabilaiza kutoka modeli nyingine ya gari

Ufungaji wa stabilaiza kutoka modeli nyingine ni kazi ya kutoa stabilaiza kwenye gari la modeli moja na kuifunga kwenye gari la modeli tofauti. Kazi hii hufanywa hasa kwenye magari ya zamani, ambayo mengi yalitoka kiwandani bila stabilaiza au yakiwa na stabilaiza nyembamba. Lengo lake ni kupunguza kiasi ambacho bodi ya gari hulala upande wakati wa kukata kona, na kurekebisha uwiano wa mshiko kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Stabilaiza kuingia mahali pake na bolti zake kukaza hakuthibitishi kwamba inalifaa gari hilo. Kila stabilaiza ilibuniwa pamoja na springi, matairi, uzito na ekseli za gari lake la asili. Ikihamishiwa gari lingine hubadilisha tabia ya gari zima barabarani. Ikifungwa upande usiofaa, yaani mbele badala ya nyuma au nyuma badala ya mbele, inaweza kulifanya gari liwe hatari kuliko lilivyokuwa bila stabilaiza.

## Stabilaiza ni nini

Stabilaiza ni chuma kirefu cha mviringo, kilichotengenezwa kwa chuma cha springi na kukunjwa mfano wa herufi U. Sehemu yake ya katikati hulala chini ya gari kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Ncha zake mbili, zinazoitwa mikono ya stabilaiza, huelekea mbele au nyuma na kuunganishwa na magurudumu ya pande mbili. Sehemu zake kuu ni hizi:

* Chuma chenyewe, ambacho hujisokota na kujirudisha kama springi.
* Bushi za katikati, za mpira au poliyurethani, zinazokishika chuma huku zikikiacha kizunguke.
* Vibano vinavyofunga bushi hizo kwenye chesisi au bodi.
* Linki, yaani viunganishi vifupi kati ya ncha za stabilaiza na mikono inayoshika magurudumu. Katika gereji za Afrika Mashariki huitwa kwa kawaida stabilaiza linki.

Gari linaweza kuwa na stabilaiza ya mbele, ya nyuma, zote mbili, au lisiwe nayo kabisa.

## Historia

Hataza ya kwanza ya kifaa cha aina hii ilitolewa nchini Kanada tarehe 22 Aprili 1919 kwa Stephen Coleman, mvumbuzi kutoka Fredericton, New Brunswick. Magari ya wakati huo yalikuwa na springi ngumu za mabamba, na hivyo bodi zake hazikulala sana. Haja ya stabilaiza iliongezeka pale watengenezaji walipoanza kutumia springi laini na magurudumu ya mbele yanayopanda na kushuka kila moja peke yake. Springi laini ziliwapa abiria raha kwenye barabara mbaya, lakini ziliacha bodi ilale kwenye kona. Stabilaiza iliwezesha kubaki na springi laini huku mlalo ukidhibitiwa.

Kwa miongo mingi baadaye, hasa kwenye magari ya bei nafuu, stabilaiza ilihesabiwa kama nyongeza. Modeli moja iliweza kuuzwa bila stabilaiza, huku toleo lake la michezo, la polisi au la injini kubwa likiwa nayo. Volkswagen Beetle, kwa mfano, lilianza kupewa stabilaiza ya mbele kiwandani kwa mwaka wa modeli 1960. Kabla ya hapo gari hilo lilikuwa limekwisha kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954 na 1957. Kwenye barabara za vumbi na mashimo, kila gurudumu kufuata ardhi kwa uhuru kulikuwa na faida yake.

Tofauti hizi kati ya matoleo ya modeli moja, au kati ya modeli zinazotumia chesisi ya aina moja, ndizo zinazowawezesha wamiliki wa magari ya zamani kuhamisha stabilaiza kutoka gari moja hadi lingine.

## Jinsi inavyofanya kazi

Magurudumu yote mawili ya ekseli moja yakipanda kwa pamoja, kwa mfano kwenye tuta, stabilaiza huzunguka tu ndani ya bushi zake. Haijisokoti, na haiongezi ugumu wowote wa maana. Gari likiingia kwenye kona, bodi hulala upande wa nje. Gurudumu la nje husukumwa juu kuelekea bodi na la ndani hushuka. Hapo mkono mmoja wa stabilaiza hupanda na mwingine hushuka, chuma cha katikati hujisokota, na ukinzani wake hupunguza mlalo wa bodi.

Gurudumu moja tu likiingia kwenye shimo, stabilaiza pia hujisokota na kupeleka sehemu ya mtikiso upande wa pili. Kwa sababu hiyo gari lenye stabilaiza nene huhisiwa likiyumba kushoto na kulia kwenye barabara yenye mashimo yasiyolingana. Kwenye njia za porini gurudumu moja linaweza kuning'inia hewani kwa sababu stabilaiza inalizuia lisishuke.

Si kila chuma kinachounganisha magurudumu mawili ni stabilaiza. Baadhi ya Volkswagen Beetle za mwaka wa modeli 1967 zina chuma cha nyuma chenye umbo la herufi Z. Mikono yake inaelekea pande tofauti, mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa hiyo hujisokota pale magurudumu yote mawili yanapopanda pamoja na hulegea gari linapolala upande. Hiyo ni kazi iliyo kinyume na ya stabilaiza, ingawa kwa macho vifaa hivyo viwili vinafanana.

## Kinachoamua ugumu

Wanaohamisha stabilaiza huangalia zaidi unene wake. Unene una uzito mkubwa kweli, lakini si peke yake.

Kipenyo. Ugumu wa chuma cha mviringo kinaposokotwa hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Stabilaiza ya milimita 25 si ngumu kidogo tu kuliko ya milimita 22. Kama vipimo vingine vyote ni sawa, 25 gawanya kwa 22, kipeo cha nne, ni takriban 1.67, yaani ongezeko la asilimia 67. Kutoka milimita 20 hadi 24 ugumu huzidi mara mbili.

Urefu wa mikono. Mkono mfupi hufanya stabilaiza iwe ngumu zaidi. Ugumu unaopimwa kwenye ncha hubadilika kinyume na mraba wa urefu wa mkono. Mkono wa milimita 250 ukifupishwa kuwa milimita 225, ugumu huongezeka kwa takriban asilimia 23 bila unene kubadilika.

Urefu wa sehemu inayojisokota. Chuma kirefu hujisokota kwa urahisi kuliko kifupi. Stabilaiza kutoka gari jembamba huwa ngumu kuliko yenye unene huohuo kutoka gari pana.

Mahali linki inapofungwa. Linki ikifungwa katikati ya mkono unaoshika gurudumu badala ya karibu na gurudumu lenyewe, ncha ya stabilaiza husogea nusu tu ya mwendo wa gurudumu. Athari yake kwenye gurudumu hupungua hadi robo, kwa kuwa nusu huzidishwa kwa nusu: mara ya kwanza kwa mwendo, mara ya pili kwa nguvu. Hii ndiyo sababu stabilaiza moja inaweza kuwa kali kwenye gari moja na kuonekana dhaifu kwenye gari lingine.

Uwazi wa ndani. Baadhi ya stabilaiza ni bomba. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 25 na cha ndani cha milimita 15 lina takriban asilimia 87 ya ugumu wa chuma kizima cha unene huohuo, lakini lina asilimia 64 tu ya uzito wake. Kulinganisha bomba na chuma kizima kwa kipenyo cha nje pekee huleta makosa.

Bushi na linki. Mpira laini au uliochakaa hubonyea kabla chuma hakijaanza kujisokota. Stabilaiza nene yenye bushi zilizoisha inaweza kufanya kazi kidogo kuliko nyembamba yenye bushi nzima.

## Mgawanyo wa mzigo kati ya mbele na nyuma

Stabilaiza haiondoi mzigo unaohamia magurudumu ya nje kwenye kona. Mzigo huo hutegemea hasa uzito wa gari, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, upana kati ya magurudumu na ukali wa kona. Chukua gari la kilo 1,200, lenye kitovu cha uzito kwenye kimo cha mita 0.55 na upana wa mita 1.35 kati ya magurudumu. Kwenye kona ambayo nguvu ya pembeni ni sawa na nusu ya uzito wa gari, takriban kilo 244 huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Stabilaiza ikiwepo au isiwepo, jumla hiyo hubaki karibu ileile.

Kinachobadilika ni mgawanyo wake. Tuseme mwanzoni nusu ya mzigo huo, kilo 122, ilihama mbele na nusu nyuma. Stabilaiza nene ikifungwa mbele na kupandisha sehemu ya mbele hadi asilimia 65, mbele zitahama takriban kilo 159 na nyuma 85.

Mgawanyo huo una maana kwa sababu ya tabia ya tairi. Tairi likiongezewa mzigo hushika zaidi, lakini mshiko hauongezeki kwa kadiri ileile ya mzigo. Kwa hiyo jozi ya matairi ambayo moja limelemewa na jingine limepungukiwa hushika kidogo kuliko jozi iliyogawana sawa. Mwisho wa gari wenye stabilaiza ngumu zaidi ndio unaopoteza mshiko kwanza:

* Stabilaiza ikizidi mbele, gari huelekea kukataa kona: dereva anakata usukani lakini gari linazidi kwenda nje.
* Stabilaiza ikizidi nyuma, gari huelekea kuponyoka mkia: sehemu ya nyuma huteleza nje na gari linaweza kuzunguka.

Hali ya kwanza ni rahisi zaidi kwa dereva wa kawaida kuimudu, kwa kuwa kupunguza mwendo husaidia. Ya pili huja ghafla, na kuachia mafuta katikati ya kona kunaweza kuizidisha. Ndiyo maana wabunifu wengi wa magari ya barabarani huanza na stabilaiza ya mbele, na huongeza ya nyuma kwa kiasi.

Stabilaiza ngumu ya nyuma ina athari nyingine kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Inaweza kulipunguzia mzigo gurudumu la ndani kiasi kwamba difu ya kawaida huliacha lizunguke bure wakati dereva anakanyaga mafuta akitoka kwenye kona.

## Mifano

### Chevrolet Corvair

Mfano unaojulikana zaidi wa uzito wa jambo hili ni Chevrolet Corvair la Marekani, lililouzwa kuanzia mwaka wa modeli 1960. Injini yake ilikuwa nyuma, na ekseli zake za nyuma zilikuwa za aina inayobembea: kila nusu ilipinda kwenye kiungo kilicho karibu na difu tu. Sehemu ya nyuma ikinyanyuka kwenye kona kali, gurudumu la nje liliweza kujikunja kwa ndani na kupoteza mshiko.

Modeli za 1960 hadi 1963 hazikuwa na stabilaiza ya mbele kama kifaa cha kawaida. Kiwanda kilitegemea tofauti kubwa ya upepo wa matairi, psi 15 mbele na 26 nyuma matairi yakiwa baridi, ili kuzuia mkia usiponyoke. Dereva au kituo cha mafuta kilichojaza matairi yote sawasawa kiliondoa kinga hiyo bila kujua. Mwaka wa modeli 1962 stabilaiza ya mbele iliweza kununuliwa pamoja na springi ngumu zaidi kama nyongeza. Mwaka wa modeli 1964 ikawa ya kawaida kwa magari yote ya modeli hiyo, pamoja na springi ya bamba iliyolazwa kwa upana nyuma. Mwaka 1965 muundo wote wa nyuma ulibadilishwa.

Mwanasheria Ralph Nader alilitumia gari hilo katika sura ya kwanza ya kitabu chake *Unsafe at Any Speed*, kilichotoka mwaka 1965. Kitabu kilichangia kupitishwa kwa sheria ya usalama wa magari ya Marekani mwaka 1966. Uchunguzi wa serikali uliotangazwa mwaka 1972 ulihitimisha kwamba modeli za 1960 hadi 1963 hazikuwa na hatari ya kupoteza mwelekeo kuzidi magari mengine ya wakati wake.

Mjadala huo haubadilishi somo la kiufundi. Kwenye gari lenye injini nyuma na ekseli zinazobembea, stabilaiza ya mbele husaidia kwa kuhamishia mbele sehemu ya kazi iliyokuwa ikilielemea tairi la nyuma la nje. Mtu akichukua stabilaiza hiyohiyo na kuifunga nyuma, bodi italala kidogo vilevile, lakini mkia utaponyoka mapema zaidi.

### Magari ya General Motors ya 1964 hadi 1972

Chevrolet Chevelle, Pontiac Tempest na GTO, Oldsmobile Cutlass na Buick Skylark za miaka hiyo zilitumia muundo wa msingi uleule. Nyuma kuna ekseli moja nzima inayoshikwa na mikono minne na springi za mzunguko. Mengi yaliuzwa bila stabilaiza ya nyuma. Oldsmobile 4-4-2, lililoanza mwaka 1964, lilikuwa nayo, na hivyo sehemu zake zikawa chanzo cha kuboresha ndugu zake.

Katika muundo huu stabilaiza ya nyuma haina linki. Hufungwa kwa bolti moja kwa moja kati ya mikono miwili ya chini, na husafiri pamoja na ekseli. Mikono ya chini ya magari yasiyo na stabilaiza ilikuwa ya bamba lililokunjwa na kuachwa wazi upande mmoja. Mikono ya magari yenye stabilaiza ilifungwa pande zote kama sanduku, kwa sababu stabilaiza huusokota mkono. Anayehamisha stabilaiza peke yake na kuifunga kwenye mikono iliyo wazi hupata kifaa kinachopinda mahali pasipotakiwa, na bolti zake hubonyeza kuta za mkono. Hivyo mikono huhamishwa pamoja na stabilaiza, au hufungwa kwa bamba la kuchomelea na kuwekewa vipande vya bomba ndani mahali bolti zinapopita.

Kwa upande wa mbele, wamiliki wa magari haya wamekuwa wakitafuta stabilaiza ya Pontiac Firebird Trans Am ya miaka ya 1970, yenye kipenyo cha inchi 1¼, yaani takriban milimita 31.8. Ikilinganishwa na chuma cha inchi 1, ugumu wake ni takriban mara 2.4 kama umbo ni lile lile. Trans Am lilikuwa na stabilaiza ya nyuma pia. Kuchukua ya mbele na kuiacha ya nyuma huacha nusu ya ubunifu kwenye yadi ya magari mabovu, na gari huelekea kukataa kona.

### Ford Escort

Kwenye Ford Escort nyingi za zamani, ncha za stabilaiza ya mbele hupita kwenye mikono ya chini na kukazwa kwa nati. Stabilaiza hapa ina kazi mbili: kuzuia mlalo, na kulishika gurudumu lisisogee mbele au nyuma, hasa wakati wa kufunga breki. Kwenye gari la muundo huu, stabilaiza ya modeli nyingine yenye mikono mirefu au mifupi kwa milimita chache huhamisha gurudumu na kubadilisha pembe zake. Ikikatika, gurudumu halina tena kitu cha kulishika barabara. Kwa hiyo upimaji wake unahitaji uangalifu kuliko kwenye magari yanayotumia linki.

## Kuchagua stabilaiza

Kabla ya kununua, vipimo vifuatavyo hulinganishwa kati ya gari linalotolewa na linalofungwa:

* upana kati ya vibano vya kushoto na kulia;
* upana kati ya ncha mbili za stabilaiza;
* urefu wa mikono na mwelekeo wake;
* kipenyo, kikipimwa kwa vernia mahali pasipo na rangi wala kutu;
* mahali na pembe ya linki;
* uzito unaobebwa na ekseli husika kwenye magari yote mawili;
* ugumu wa springi za magari yote mawili.

Vipimo viwili vya mwisho mara nyingi husahauliwa. Stabilaiza ya gari lenye injini nzito ya silinda nane inaweza kuwa kali mno kwa gari jepesi la silinda nne, hata kama bolti zote zinalingana.

Stabilaiza iliyotumika hukaguliwa kama ina nyufa, hasa kwenye mikunjo na kwenye matundu ya ncha. Kutu iliyochimba vishimo ni sababu ya kuikataa, kwa kuwa chuma kinachosokotwa huanza kupasuka kutoka juu ya uso wake. Sehemu iliyokaa ndani ya bushi husafishwa na kuangaliwa, kwani hulika bila kuonekana. Vibano na linki huchukuliwa pamoja na stabilaiza kutoka gari lilelile, lakini bushi hununuliwa mpya.

## Hatua za ufungaji

1. Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu huzuiwa, kisha hunyanyuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Fundi haingii chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.
2. Stabilaiza ya zamani, kama ipo, hufunguliwa. Gari likiwa limenyanyuliwa upande mmoja tu, stabilaiza huwa imejisokota na linki inaweza kuruka. Pande zote mbili huwekwa kwenye kimo kimoja kwanza.
3. Stabilaiza mpya hujaribishwa mahali pake bila kukazwa. Magurudumu hupandishwa hadi mwisho wa mwendo wake na kushushwa hadi chini, na usukani hukatwa kushoto na kulia hadi mwisho. Stabilaiza haitakiwi kugusa tairi, mpira wa breki, bomba la mafuta, ekzosi, tangi la oili wala vyuma vya usukani.
4. Mahali pa vibano hutiwa alama na kutobolewa ikiwa hakuna matundu ya kiwanda. Chesisi ya mabomba mazito huweza kubeba kibano moja kwa moja. Bodi ya bamba jembamba huhitaji bamba la kuimarisha upande wa pili, la sivyo bolti huchana bati.
5. Bushi huingizwa. Za mpira hulainishwa kwa maji ya sabuni au grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya petroli huharibu mpira. Za poliyurethani hupakwa grisi maalumu inayokuja nazo, vinginevyo hulia.
6. Linki hufungwa. Zinatakiwa kusimama karibu wima gari likiwa chini, na za pande mbili ziwe na urefu sawa.
7. Gari hushushwa juu ya magurudumu yake, na ndipo bolti hukazwa mwisho kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Linki moja ikihitaji kusukumwa kwa nguvu ili iingie, stabilaiza imeshajisokota gari likiwa limesimama, na gari litakata kona ya kushoto tofauti na ya kulia.

Stabilaiza haipashwi moto, haichomelewi wala haikunjwi upya ili ilingane. Uwezo wake wa kujirudisha ulitokana na kupashwa na kupozwa kwa utaratibu kiwandani. Moto wa gereji huuharibu, na chuma huja kukatika baadaye mahali hapohapo. Kama umbo halilingani, kinachobadilishwa ni vibano au linki.

## Majaribio baada ya kufunga

Gari hujaribiwa kwanza kwa mwendo mdogo kwenye eneo wazi lisilo na magari mengine. Dereva huzunguka duara la ukubwa uleule, akiongeza mwendo taratibu, mara kwa kushoto na mara kwa kulia. Anaangalia ni mwisho upi unaoanza kuteleza na kama pande mbili zinafanana. Mkia ukianza kuponyoka kabla ya mbele, stabilaiza ya nyuma huondolewa au hubadilishwa kwa nyembamba zaidi. Jaribio hurudiwa kwa uangalifu barabara ikiwa na maji, kwa kuwa gari lililo sawa kwenye lami kavu linaweza kuwa kali kwenye mvua.

Bodi kulala kidogo pia humnyima dereva onyo alilolizoea. Gari la zamani lililokuwa likilala sana lilimwambia mapema kwamba amezidisha mwendo. Baada ya kufungwa stabilaiza, linaweza kufika kwenye kikomo cha matairi likiwa limesimama karibu wima.

Bolti zote hukazwa tena baada ya kilomita chache za kwanza. Mlio wa kugonga kwenye matuta madogo kwa kawaida huonyesha linki iliyolegea au bushi isiyolingana na kipenyo.

## Uhalisi na sheria

Wakusanyaji wa magari ya zamani huthamini gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Stabilaiza iliyofungwa kwa bolti kwenye matundu ya kiwanda inaweza kuondolewa bila kuacha alama, tofauti na ile iliyohitaji kuchomelea vibano vipya. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi hupendelea stabilaiza kutoka toleo jingine la modeli yao wenyewe, na huhifadhi sehemu zote zilizotolewa.

Katika mashindano ya magari ya kihistoria chini ya FIA, Kiambatisho K cha kanuni zake kinahitaji gari lifuate ubainifu wa enzi yake. Stabilaiza ambayo modeli hiyo haikuwahi kutumia wakati huo inaweza kulifanya gari likataliwe. Kwenye barabara za kawaida, nchi nyingi huhesabu mabadiliko ya mfumo wa springi na magurudumu kuwa jambo la usalama, linaloweza kuangaliwa wakati wa ukaguzi wa gari au na kampuni ya bima baada ya ajali.

## Tazama pia

* Springi
* Difu
* Tairi
* Usukani
* Breki